Je, Wajua Kwa Nini Kichaka cha Mtoni Kinahitaji Ukuta Wenye Picha na Sufuria ya Kiburu?

Moshi imetajwa mara nyingi miongoni mwa miji misafi zaidi Tanzania, na wakazi wake wanajivunia sifa hiyo kwa haki. Nyasi zikifika magotini mbele ya nyumba, mtu anatafuta slesha. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayoipa taabu kazi ya kurudisha uoto wa asili kwenye kingo za mito inayopita mjini, kama Karanga, Njoro na Rau. Anayepanda mche hupongezwa na kupigwa picha. Anayeacha ukingo wa mto ujiotee wenyewe huulizwa kwa nini hafanyi usafi.

Kwa mujibu wa sheria, ukingo huo unatakiwa kuachwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tatizo ni kwamba mita 60 hazionekani kwa macho. Kinachoonekana ni kichaka, na kichaka cha mjini kisicho na mwenyewe hugeuka dampo upesi. Mmoja anatupa mfuko usiku, wengine wanafuata, na baada ya muda majirani wanaomba pafyekwe kwa sababu pananuka na vibaka wanajificha humo. Wana haki kuomba hivyo.

Mwaka 1995 mtaalamu wa mandhari kutoka Marekani, Joan Nassauer, alieleza jambo ambalo naliona kila mahali tangu nilisome: watu hukubali kuishi na pori ikiwa limezungukwa na alama zinazoonyesha kuwa linatunzwa. Njia iliyofagiliwa inatosha, au mstari wa maua, au uzio mfupi. Ndani panaweza kuwa msitu mnene, mradi pembeni mkono wa binadamu unaonekana.

Wachagga walikuwa na alama yao tangu zamani, nayo ni isale. Mmea huu hupandwa mpakani mwa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Mchagga aliyelelewa kihambani hang'oi isale ovyo. Safu ya masale kati ya njia na kichaka inamwambia mpita njia kwamba eneo hili lina wenyewe, na gharama yake ni ndogo sana, kwa kuwa kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Kama ningeulizwa kikundi cha majirani wanaotaka kulinda ukingo kianzie wapi, ningesema hapo.

Lakini Moshi ya leo ni ya Wachagga, Wapare, Wamaasai na watu wa kila upande wa nchi, na si wote wanaosoma ujumbe wa isale. Hapo ndipo picha ya ukutani inapokuwa na kazi. Ukuta wowote unaotazama mto unafaa, mwenye nyumba akikubali, na mtu wa kuchora yupo mtaani: mchoraji wa mabango, yule anayeandika majina ya maduka na kupamba magari. Nashauri achore viumbe vya hapo hapo mtoni, yaani mkuyu, hondohondo na mbega mweupe, badala ya simba na twiga ambao hawaonekani hapo. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake na aliyefariki mwaka 1972, alionyesha jinsi rangi za mafuta za kawaida na maumbo makubwa yasiyo na mambo mengi yanavyoweza kumkamata mtu akiwa bado mbali. Jambo moja la kiufundi: plasta mpya ya saruji iachwe ikauke kama wiki nne kabla ya kupakwa, maana chokaa iliyomo huila rangi ya mafuta na picha ikaanza kubanduka mapema.

Sasa, kichaka chenyewe kinarudije bila kupandwa? Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya ardhi. Mti uliokatwa mara nyingi haujafa, kwa kuwa mizizi yake bado iko kina kirefu, karibu na maji, na ina akiba ya chakula. Chipukizi la kisiki linatumia akiba hiyo, wakati mche mpya lazima kwanza ujenge mizizi yake na kuvuka kiangazi ukiwa bado mdogo. Huko Dodoma wakulima huiita njia hii kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapunguza mengine, unafunga kitambaa kama alama, kisha unalinda. Nchini Niger, mbinu ya aina hii iliyoanza kuenezwa miaka ya 1980 imerudisha miti kwenye hekta zinazokadiriwa kufikia milioni 5.

Sehemu nyingine inaletwa na wanyama. Ndege na popo hula matunda ya mkuyu na kuangusha mbegu wanakokwenda. Moshi ina bahati kwa hili, kwa sababu jirani kabisa na mji kuna Msitu wa Hifadhi wa Rau, wenye mivule mikubwa na msoo, mti adimu sana duniani. Pale ndiko mbegu zinakoweza kutoka.

Kuacha hakumaanishi kukaa bure, hata hivyo. Lantana, kichaka cha kigeni kinachoenea haraka, isipong'olewa itafunika kila chipukizi, na mbuzi watatu wakipita asubuhi moja wanaweza kumaliza kazi ya masika nzima. Kwa hiyo watu wanahitajika tena na tena, kwa miaka, kwenye kazi isiyo na mshahara. Hili ndilo linaloua miradi mingi: wa kwanza wanakuja wengi, mwishoni anabaki mwenyekiti peke yake.

Milimani watu walishalijibu swali hili. Mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka mitoni hadi kwenye vihamba, imezibuliwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja kwa vizazi vingi, na Upareni kazi ya namna hiyo inaitwa msaragambo. Siku ya kazi ilijulikana, asiyefika alitozwa, na kazi mara nyingi iliambatana na kula na kunywa. Mjini huwezi kumtoza jirani. Unaweza kumpikia.

Ndiyo maana naona sufuria ni chombo cha kazi sawa na panga. Kiburu, yaani ndizi na maharage, hakihitaji bajeti kubwa: huyu analeta mkungu, yule kilo ya maharage, mwingine mafuta na vitunguu. Kuni zipo, kwani matawi yaliyopunguzwa kwenye visiki ndiyo yanayokwenda mafigani. Kipikwe pale pale mtoni, si ukumbini, ili bibi asiyeweza kushika jembe aje amenye ndizi na mwenye mbuzi aje ale pia. Kumgombeza mwenye mbuzi barabarani huleta ugomvi. Akiwa na sahani mkononi, huku machipukizi yakiwa mbele yake, mazungumzo ya wapi mbuzi wapite huenda vizuri zaidi, na mjumbe wa mtaa yupo kusikia makubaliano.

Kuna mti mmoja wa mtoni unaounganisha mambo haya yote, nao ni msesewe. Hupenda kuota kandokando ya vijito, matunda yake huliwa na ndege, na ganda lake chungu ndilo linalotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi ambayo sherehe ya Kichagga haikamiliki bila hiyo. Ukingo ukirudi, msesewe hurudi nao, na watengeneza mbege watakuja kuuliza. Kikundi kiwape, kwa sharti moja ambalo lingefaa kuchorwa ukutani: ganda litolewe kipande kidogo, upande mmoja tu wa shina. Chakula kinachotengenezwa majanini hushuka kwenda mizizini kupitia ganda, na ukilibandua kuzunguka shina lote mizizi hufa njaa, kisha mti mzima.