Mpira wa mafuta: hilo "wa" linasema nini?

Jumamosi iliyopita jirani yangu, mzee mwenye Corolla KE70, zile tulizozoea kuziita DX, aliniita uani kwake ninuse gari. "Mwanangu, mipira ya mafuta nimebadilisha yote mwezi uliopita, kwa mikono yangu hii. Harufu ya petroli haijaondoka." Nikafungua boneti. Hiyo "yote" ilikuwa vipande viwili, kila kimoja hakifiki shubiri mbili, na kimoja kilikuwa kimevimba pembeni ya klipu kama kidole kilichobanwa na mlango. Nilipokifuta kwa kitambaa kikaacha weusi. Ubavuni maandishi yalikuwa bado yanasomeka: wa hewa na maji. Dukani aliuziwa kama mpira wa mafuta, naye akaununua kama mpira wa mafuta, na sidhani kama muuzaji alikusudia kumdanganya. Walitumia neno moja, kila mmoja na maana yake. Si mara ya kwanza mwaka huu nakutana na jambo hili, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Mpira wa mafuta ni neli laini yenye tabaka la ndani lisiloharibiwa na petroli wala dizeli, nyuzi katikati za kuuzuia usipasuke, na ganda la nje la kuukinga na joto na jua. Hukaa pale ambapo vitu viwili havitikisiki kwa pamoja, kwa mfano kati ya bodi na injini, maana bomba gumu likifungwa moja kwa moja hapo litachoka na kukatika. Basi, hakuna zaidi.

Shida iko kwenye "wa". Neno hili dogo linabeba mizigo mingi na halisemi limebeba upi. Dawa ya mtoto ni ya kumponya mtoto. Dawa ya mbu, mbu mwenyewe hatapenda. Hatuchanganyikiwi kwa sababu tunajua nia ya mbu na nia yetu. Lakini "mpira wa mafuta" unaweza kuwa mpira unaopitisha mafuta, au unaostahimili mafuta, au hata uliotengenezwa kwa mafuta. Mnunuzi husikia ile maana ya kwanza, na ile ya kwanza ndiyo isiyo na kazi yoyote, kwani kitu chochote chenye tundu kinapitisha mafuta. Mpira wa kumwagilia bustani unapitisha. Ile neli ya plastiki inayoonyesha ndani, tunayoiona kwenye bodaboda nyingi, nayo inapitisha, mpaka petroli iinyonye ulaini wake, ikakauka na kuwa ngumu kama bua, kisha ikapasuka kwenye kona. Maana inayolinda gari ni ya pili.

Na jina "mpira" lenyewe halisaidii. Angalia ngeli yake: mpira, mipira, ngeli ya miti. Mpira ulikuwa mmea kabla haujawa kitu kingine. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu wa mitambaazi ya porini ulivingirishwa madonge na kupelekwa pwani kuuzwa, na kamusi za zamani zinautaja mmea, utomvu wake na tufe kwa jina hilo hilo moja. Baadaye Wajerumani wakapanda mashamba ya mti mwingine kutoka Brazil, jamaa wa muhogo, upande wa Tanga na Usambara. Bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yakafa, ila mti ukabaki, na majani yake tunayala hadi leo: kisamvu cha mpira. Kwa hiyo ukitaka mpira kwa maana yake ya asili, umo kwenye sufuria ya mama yako kabla haujafika kwenye duka la spea.

Sasa, huo mpira wa asili, wa utomvu, ni kitu kibaya sana kuwekwa petroli. Mafundi baiskeli wanalijua hili bila kwenda shule. Gundi ya kuzibia pancha ni nini kama si mpira ulioyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli? Ukitaka ushahidi, kata kipande cha mpira wa manati, kitumbukize kwenye kikombe cha petroli usiku mmoja, mbali na moto. Asubuhi utakuta kimefura na kulegea. Ndicho kilichomkuta mzee, polepole zaidi.

Mpira unaostahimili ni mwingine kabisa, haujawahi kuwa mti. Unaitwa naitraili, ulibuniwa Ujerumani, ukaanza kuuzwa miaka ya 1930, na malighafi yake leo hutoka kwenye mafuta ya petroli. Hapo ndipo ile maana ya tatu inapotimia: mpira wa mafuta, kama kiti cha mbao. Huwa nacheka peke yangu nikifikiria kwamba jina limesema kweli mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Dukani, basi, usisome jina, soma ubavu. Mpira wa gari la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, huandikwa SAE J30R7 kwa viwango vya Marekani, au DIN 73379 kwa viwango vya Ujerumani. R7 imepimwa kufanya kazi hadi psi 50 (psi ni kipimo cha msukumo, kile kile cha upepo wa tairi), na pampu ya kabureta haitoi hata 10, kwa hiyo kwa KE70 inatosha na kusaza. Gari la injekta, linalopuliza petroli kwa msukumo badala ya kabureta, ni habari nyingine: pampu yake hufanya kazi karibu psi 40 muda wote, zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo, na hapo unatafuta R9, ambayo tabaka lake la ndani huvumilia petroli zaidi na kipimo chake ni psi 100. Mpira usio na maandishi yoyote uache hukohuko dukani, hata ukiambiwa umetoka Japani.

Kosa la pili la mzee lilikuwa hilo neno "yote". Kutoka tanki hadi kabureta, sehemu kubwa ya njia ya mafuta si mpira. Ni bomba la chuma, limepita chini ya sakafu limeshikwa na vibanio, na vibanio hukusanya tope, na tope hushika maji. Mipira ni vile viungo vya mwanzo na mwisho: nyuma kwenye tanki, mbele kwenye chujio, pampu na kabureta. Watu wakisema "mpira wa mafuta" kwa njia nzima, wakibadilisha vile viungo vinavyoonekana wanaamini wamemaliza. Tena kwenye gari kama hili pampu ipo kwenye injini na huvuta kutoka mbele. Kwa hiyo mpira wa nyuma ukipasuka, gari likiwa linatembea halidondoshi, linavuta hewa. Dereva anaona gari linakosa nguvu mlimani, anaanza kulaumu kabureta.

Kazi ya nyumbani si ngumu. Injini iwe imepoa, gari liwe nje, waya hasi wa betri umetolewa, na jiko la mkaa la jirani liwe mbali kweli, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ulipo moto. Fungua kifuniko cha tanki kutoa msukumo. Pima tundu kwa bomba lenyewe, mara nyingi ni milimita 6 au 8, na usikubali "itaingia tu". Mpira upite kile kivimbe cha ncha ya bomba ndipo klipu ikae nyuma yake. Bomba lililokatwa kwa msumeno likakosa kivimbe litachomoka siku moja barabarani. Klipu iwe yenye kingo zilizokunjwa, zile za matundu hula mpira. Bomba likiwa na kutu ya kumeguka, badilisha bomba, usilivishe mpira juu. Wala usitumie shaba tupu ya friji, maana hugeuka ngumu kwa mtikisiko na kuvunjika.

Mzee nilimweleza haya tukiwa tumekaa juu ya matofali, akasikiliza, akauliza swali moja tu: akirudi dukani aseme nini? Nikamwambia aombe mpira wa petroli, unaovumilia petroli, wa kabureta, tundu milimita 6, wenye maandishi, na aende na kile kipande kilichovimba mfukoni. Juzi kanipigia. Mipira ya mbele na ya nyuma ameshafunga, harufu imepungua. "Ila mabomba bado, mwanangu," akasema. "Mabomba sijagusa."