Themostati Haikuwekwa kwa Ajili ya Theluji

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi huleta gereji Vitz, Passo na IST walizowanunulia watoto wao, na karibu kila mmoja huja na ushauri aliopewa na shemeji, jirani au fundi wa mtaani. Ushauri mwingi unavumilika. Huu wa kwanza hauvumiliki tena.

Dhana: "Nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo toa themostati, na kwenye rejeta weka maji tu."

Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST nyingi, hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na hakuna mchana wa Dar es Salaam unaokaribia joto hilo. Ikitolewa, injini huchelewa kupata moto, na kompyuta ya gari, kwa kuwa inaiona injini bado ni baridi, huendelea kuongeza petroli inayoosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Baadaye mzazi yuleyule hurudi akilalamika kwamba gari linakunywa mafuta na kwamba bila shaka mtoto anazurura nalo.

Kibaya zaidi, themostati ya injini hizi ina vali ya pili, ambayo huifunga njia fupi ya maji pale ya kwanza inapofunguka. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililochelewa kupata moto asubuhi huweza kuchemsha mchana likipanda mlima Kitonga. Mara nyingi gari lilikuwa linachemsha kwa sababu feni haizunguki, rejeta imeziba au kifuniko chake kimelegea, lakini kung'oa themostati ni rahisi kuliko kutafuta ugonjwa. Anayeishuku aitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, aone inafunguka lini. Isipofunguka, anunue nyingine.

Maji matupu nayo, hasa ya visima vya chumvi vya pwani, hula alumini na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, mambo ambayo hayahusiani kabisa na baridi ya Ulaya. Nunua iliyokwisha kuchanganywa.

Kijana mwenyewe afundishwe dashibodi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu, inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu, inayowaka joto likizidi. Wapo wanaodhani bluu inayokaa muda mrefu ni sifa ya gari, na wapo walioendelea na safari nyekundu ikiwaka hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua. Nyekundu ikiwaka, aegeshe pembeni, azime injini, na asiguse kifuniko cha rejeta mpaka ipoe.

Dhana: "Oili ya giaboksi haibadilishwi, na haidroliki yoyote nyekundu inafaa."

Hubadilishwa. Vitz nyingi za kuanzia 2005 zina giaboksi ya CVT, inayoendeshwa na mkanda wa chuma na inayotaka oili yake maalumu. Haidroliki ya kawaida, ile oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, huufanya mkanda huo uteleze, na gharama ya kosa hilo ni giaboksi nzima.

Dhana: "Injini iliyotumika Japani itiwe oili nzito."

Mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa kufunguka kwa vali za injini, hutegemea oili nyepesi, kama 5W-30, ipite upesi kwenye vijia vyembamba. Kama injini inakula oili, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Uzito wa 20W-50 huficha moshi kwa muda tu.

Dhana: "Tairi bado zina meno, kwa hiyo ni nzima."

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huo umekwisha kukakamaa hata kama meno yake yanapendeza, na dereva mgeni ndiye hufunga breki kwa ghafla zaidi kwenye lami yenye maji. Mimi tairi iliyozidi miaka kumi siifungi kwenye gari la mtu.