Madini ya Bahari Kuu si Shamba la Bibi

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, husikika sana: ukivuka maili 200 za baharini kutoka pwani, bahari haina mwenyewe, mwenye meli achimbe. Kuvua huko ni ruhusa, tena kwa masharti. Madini ya sakafuni ni habari nyingine. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989, unayaita urithi wa pamoja wa binadamu. Msimamizi ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, Kingston, Jamaika.

Kampuni haijiendei tu: lazima idhaminiwe na nchi mwanachama. Anayetaka vinundu vya manganizi, yaani mabonge yenye metali, vilivyotapakaa kama viazi kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000, kwa kawaida huonyesha eneo linalogawika sehemu mbili za thamani sawa. Mamlaka huchagua moja na kuitenga, hasa kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwombaji hubaki na nyingine, kwa mkataba wa miaka 15 wa kutafuta tu. Kutafuta si kuchimba. Kanuni za kuchimba kibiashara bado zinabishaniwa.

Marekani haijauridhia Mkataba huo wa Sheria ya Bahari, nayo hutegemea sheria yake ya 1980 kutoa vibali vya madini hayo yenyewe. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Hata maili 200 si mwisho wa haki ya nchi kila mahali: mwaka 2009 Kenya iliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa ombi la tabaka la bara, yaani sakafu ya bahari inayoendelea kutoka nchi kavu, hadi maili 350.