Kwa nini tendi za Lamu zimo ndani ya makaratasi ya wamishonari?

Utendi wa Tambuka, shairi refu la masimulizi, ulitungwa Pate, kisiwa jirani na Lamu, mwaka 1728. Mwengo wa Athumani aliutunga kwa ajili ya mfalme wa Kinabahani, ukoo uliotawala Pate, akasimulia vita vya Waislamu na Kaisari Herakli wa Rumi. Lakini anayetaka kuona mwandiko wake wa zamani leo hapandi mashua kwenda Pate. Nakala moja ilipelekwa Halle, Ujerumani, mwaka 1854, na aliyeipeleka alikuwa mmishonari, Johann Ludwig Krapf. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliokolewa katika makaratasi ya mmishonari mwingine, William Ernest Taylor, na makaratasi hayo yako London. Tendi nyingi za Kiamu, lahaja ya Lamu, zimo Ujerumani kwa sababu ya mchungaji Ernst Dammann. Wote watatu walikuwa Waprotestanti waliokuja pwani kuhubiri Injili. Imekuwaje basi wao ndio wakawa walinzi wa maneno ya Waislamu wa Lamu na Pate?

Wapo wanaojibu kwa neno moja tu: tuliibiwa. Uchungu huo naufahamu, ila jibu hilo linawafuta watu wetu wenyewe, yaani walimu, makarani na wasomi walioketi na wageni hao wakawasomea, wakawaandikia na wakalipwa. Kisa chenyewe kina pande mbili, na upande wa huku kwetu ndio usiosimuliwa.

Tuanze na wageni. Mmishonari wa Kiprotestanti hakuwa na kazi kabla hajaijua lugha, kwa kuwa kwake dini ilikuwa kitabu, na kitabu lazima kisomwe kwa lugha ya msomaji. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo homa ikamuua mkewe, Rosina, na siku chache baadaye wakamzika binti yao mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kulala. Hata hivyo, katika mwaka huo wa misiba alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Hebu fikiria: kadhi na mmishonari kwenye karatasi moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amepotea, na bado wakizungumzia maneno. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Tendi na hadithi alizipenda kwa sababu ndimo lilimokaa neno lenye uzito, lile ambalo huwezi kulisikia sokoni ukinunua samaki.

Jambo la pili ni desturi ya kuandika. Chama cha Kianglikana kilichomtuma Krapf, na baadaye Taylor, kilianzishwa London mwaka 1799, na kilitaka habari kutoka kwa kila mtu wake: barua, shajara, taarifa ya mwaka. Wafadhili walitaka kujua fedha zao zimefanya nini. Barua hizo zilipangwa kwenye majalada, zikatunzwa, na leo ziko katika chuo kikuu cha Birmingham. Ndani yake mna mahubiri, malalamiko ya fedha, orodha za dawa na majina ya vijiji. Mna pia dharau. Maneno ambayo baadhi yao waliandika kuhusu Uislamu yanachoma, na asomaye makaratasi hayo ajiandae kukutana nayo. Krapf alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na sababu mojawapo ilikuwa kukitenga na Uislamu.

Sasa upande wa Lamu. Kwetu utendi haukutungwa ili ukae kabatini. Ulighaniwa. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na nakala zikaenda nyumba kwa nyumba, kila mwenye kuupenda akanakili au akamwomba mwenye mkono mzuri amnakilie. Karatasi iliyosomwa hivyo huchoka. Ikichoka, inaandikwa nyingine, ile kuukuu inaachwa. Ongeza unyevu wa pwani, chumvi ya bahari na mchwa, tena ongeza vita vya karne ya 19 vilivyowatoa watu Pate na Siyu wakahamia kwingine na vitu vichache mikononi. Nakala za nyumbani zilikufa kwa kutumika. Nakala ya mmishonari ilibaki nzima kwa sababu ilifungiwa sandukuni, ikasafirishwa hadi nchi ya baridi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeigusa.

Hapa ndipo anapoingia Muhamadi Kijuma, ambaye wengine humwandika Kijumwa, na naona yeye ndiye moyo wa habari hii yote. Alizaliwa Lamu katikati ya karne ya 19 na akafa mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mchonga nakshi za milango, mpiga kibangala (ala ya nyuzi), na mwandishi ambaye mkono wake watu waliusifu. Wazungu waliofika Lamu kutafuta tendi walielekezwa kwake. Miongoni mwao alikuwa Alice Werner, mwanamke msomi wa Kiingereza, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1930 akaja Dammann, wakati huo akiwa mchungaji wa misheni huko Tanga, pamoja na mkewe Ruth. Kijuma aliwanakilia tendi, akawaeleza maneno magumu, na wengine akaendelea kuwasiliana nao kwa barua. Utendi wa Liyongo tunaousoma leo ni wa mkono wake, wa mwaka 1913.

Dammann alichapisha tendi za Kiamu huko Hamburg mwaka 1940, na orodha yake kubwa ya miswada ya Kiswahili iliyoko Ujerumani ikatoka mwaka 1993. Inapasa kusemwa pia kwamba mchungaji huyu alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Uhodari wake wa Kiswahili ni kweli, na hilo nalo ni kweli, na msomaji wa makaratasi yake ayachukue yote mawili.

Tazama jinsi ukurasa wa utendi ulivyo, utaelewa kwa nini mgeni hakuweza kujitegemea. Mara nyingi ubeti mzima hukaa mstari mmoja, vipande vinne, kutoka kulia kwenda kushoto, na baina ya kipande na kipande huwekwa alama ndogo ya pambo. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kile kinachofuatana tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Herufi ni za Kiarabu, nazo hazina p, wala ch, wala v, na irabu ni tatu tu badala ya tano zetu. Kwa mtindo wa zamani, b ilibeba b, p na mb kwa pamoja. Kwa hiyo baba, papa, pamba na bamba huandikwa sawasawa. Mwenyeji anayeujua utendi hababaiki, kwa kuwa anaongozwa na mizani, kina na maana. Mgeni aliye peke yake anakwama kwenye neno la kwanza.

Ndiyo sababu Taylor hakutosheka na kukusanya karatasi. Alikaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi huko Mombasa, msomi aliyezunguka kuyakusanya mashairi ya Muyaka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, maana Muyaka alikuwa amefariki mwaka 1840. Taylor akaandika matamshi kwa uangalifu wa ajabu, akitofautisha t ya ulimi kwenye meno na t ya ulimi kwenye ufizi, na p yenye pumzi na isiyo na pumzi. Alitafsiri pia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, shairi la magofu ya Pate, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1915. Diwani ya Muyaka ilipotoka mwaka 1940 ilitegemea makaratasi yake, na nyuma ya makaratasi hayo yupo Mwalimu Sikujua. Jina la Sikujua lilistahili kuwa juu ya jalada. Hili kwangu ndilo kosa kubwa kuliko karatasi kuvuka bahari.

Isidhaniwe kwamba Lamu yenyewe ilibaki mikono mitupu. Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha Habib Saleh, una hazina yake ya miswada, mingi ikiwa ya Kiarabu: fiqhi, sarufi, maulidi. Miswada hiyo ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, vitabu vyenyewe vikabaki Lamu na picha zikawekwa kwenye intaneti. Baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyoko London nayo imepigwa picha na inasomeka bure kwa simu.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya wasomaji wa huku. Kijuma aliandika kwa malipo, kwa watu ambao hawakuujua utendi kwa sikio, na mwandishi wa namna hiyo aweza kurefusha, kufupisha, au kuliondoa neno analoona litamshinda mnunuzi. Pale alipofanya hivyo hapawezi kujulikana kwa kuitazama nakala ya Ujerumani peke yake. Inahitajika nakala ya nyumbani kando yake, hata kama ni kurasa chache zilizoliwa na wadudu ndani ya kasha la bibi, na mtu aliyezoea kusikia Kiamu kikighaniwa ili aseme ubeti upi umekaa na upi haujakaa.