Jamani, Hong Kong haikulindwa na miaka 99

Wiki hii tena. Kijana kanyoosha mkono darasani: "Mwalimu, China iliwaachia Waingereza Hong Kong mpaka 1997 kwa kuheshimu mkataba." Maneno hayo nimeyasikia kuliko shikamoo.

Mkataba upi? Ule wa 1898 wa kukodisha kwa miaka 99 ulihusu New Territories tu, yaani eneo la kaskazini linalopakana na China bara. Kisiwa chenyewe na Kowloon Uingereza iliviteka na kumilikishwa moja kwa moja, 1842 na 1860. Tena Beijing ya Mao haikutambua hata mmoja kati ya mikataba hiyo. Yote iliiita ya dhuluma. Na Macau, koloni jirani la Mreno, je? Huko hakukuwa na miaka 99 wala nini, na Ureno haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Beijing hadi 1979. Mbona nayo iliachwa?

Msiniambie uoga. Oktoba 1949 jeshi la Mao lilifika Mto Shenzhen likasimama lenyewe. Waingereza walikuwa wameongeza askari, lakini London haikujidanganya kwamba wangeweza kuizuia China ikiamua kweli.

Ni mfuko, ndugu zangu. Waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, na wenzake walishika msimamo wa kupanga kwa muda mrefu na kuitumia Hong Kong ipasavyo. Umoja wa Mataifa ulipoiwekea China vikwazo 1951 kwa ajili ya vita vya Korea, mafuta na dawa vilipita kwa magendo Hong Kong na Macau. Tangu 1962 treni za nguruwe na kuku wazima zilishuka kila siku kuilisha koloni, na malipo yakarudi kwa fedha za kigeni. Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alipoikejeli Beijing kwa kuvumilia wakoloni mlangoni, ilijibu kwamba wakati ukiiva itazungumza, kisha ikamkumbusha ardhi za China zilizonyakuliwa na matsari, wafalme wa zamani wa Urusi.

Halafu 1967, mwaka unaonipa taabu. Wafuasi wa Mao wanatega mabomu mitaani Hong Kong. Ukame umekaza, mabomba yanafunguliwa kwa muda wa saa 4 tu kila baada ya siku 4. Watu wa Dar, huo ndio mgao! Hong Kong ilinunua maji China, na Beijing ingeweza kukaza koki. Tarehe 1 Oktoba, siku iliyokubaliwa, maji ya mto Dongjiang wa China yakaja kama kawaida. Ila Agosti ya mwaka huohuo ofisi ya Uingereza mjini Beijing ilikuwa imechomwa moto. Kwa hiyo nikifundisha "mpango wa muda mrefu" kama hesabu iliyopigwa na kukamilika, nafsi hunisuta. Nadhani mwaka ule sera iliponea chupuchupu.

Lakini swali ninalolingoja hakuna anayeliuliza. Wachina walipokuwa Nachingwea wakiwafunza wapiganaji wa FRELIMO kumng'oa Mreno Msumbiji, bendera ya Mreno ilikuwa ikipepea Macau. Baada ya mapinduzi ya Lisbon ya 1974 Ureno ilikuwa tayari kuirudisha. Beijing ikasema bado. Mreno akakaa mpaka Desemba 1999.