Maana ya kuunganisha kipokezi cha AIS na skrini ya ramani ya boti

Ukisimama Coco Beach usiku unaona taa za meli zilizotia nanga nje, zikingoja zamu ya kuingia bandari ya Dar es Salaam. Taa hazisemi meli inaitwaje, ina urefu gani, wala kama ile ya tatu imeshang'oa nanga na inakuja upande wako. Nahodha wa boti ndogo anayetoka Msasani kwenda Unguja angependa kuyajua hayo yote. Meli zenyewe zinayatangaza hewani bila kificho, na anachokosa yeye ni sikio la kuyasikia na mahali pa kuyaona.

Kujitangaza huko ndiko kunakoitwa AIS, yaani mfumo wa meli kujitambulisha zenyewe kwa redio. Kila chombo chenye mfumo huu hurusha namba yake ya tarakimu 9, mahali kilipo, mwendo wake na upande kinakoelekea, kwa masafa mawili ya VHF, redio ileile ambayo mabaharia huongelea: megahezi 161.975 na 162.025. Tarakimu 3 za kwanza za ile namba huonyesha bendera; 674 na 677 ni za Tanzania, 634 ni ya Kenya. Meli kubwa ikiwa safarini hutangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10 kulingana na mwendo wake, na ikitia nanga hutangaza kila dakika 3. Hilo si hiari. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazidai meli zote za abiria, meli za safari za kimataifa za kuanzia tani 300, na za mizigo za kuanzia tani 500 hata zisipovuka mipaka. Kwa meli za safari za kimataifa, mwisho wa kutekeleza ulikuwa Desemba 2004.

Kipokezi cha AIS ni kisanduku kidogo, chenye tundu la antena upande mmoja na waya upande wa pili. Chenyewe hakina kioo. Skrini ya ramani ndiyo ile iliyo mbele ya usukani, ambayo wengi huiita GPS tu, ingawa GPS ni sehemu yake moja. Ukiviunganisha, zile meli zinatokea juu ya ramani kama pembetatu ndogo, kila moja na jina lake, na skrini inakupigia hesabu: mtapitana kwa umbali gani, na baada ya dakika ngapi.

Neno "kuunganisha" linadanganya kidogo. Mtu hulisikia akafikiri ni waya mbili na skrubu mbili, kama kufunga taa. Umeme ndio sehemu nyepesi: volti 12, fyuzi ndogo, chanya na hasi. Kazi iko kwenye kuvifanya vifaa viwili, pengine vya watengenezaji wasiopatana, vielewane. Kimoja kiseme, kingine kisikilize, kwa lugha moja na kwa kasi moja. Likikosekana moja katika hayo, vyote viwili vitawaka vizuri kabisa na skrini itabaki tupu.

Lugha yenyewe ilitungwa na NMEA, chama cha Marekani cha watu wa vifaa vya elektroniki vya baharini. Toleo lake linalotumika zaidi kwenye boti ndogo linaitwa NMEA 0183, na lilitoka mwaka 1983. Ni maandishi matupu, mstari baada ya mstari, na kila mstari huitwa sentensi. Huu hapa ni mmoja unaotumika sana kufundishia:

!AIVDM,1,1,,B,177KQJ5000G?tO`K>RA1wUbN0TKH,0*5C

Herufi AI zinasema msemaji ni kifaa cha AIS, na VDM zinasema hii ni habari iliyotoka kwenye chombo kingine. Ingekuwa VDO, ingekuwa habari ya chombo chako mwenyewe. Tarakimu 1 na 1 maana yake sentensi ni moja tu na hii ndiyo ya kwanza. B ni masafa iliyopokelewa. Ule mkururo unaoonekana kama paka amepita juu ya kibodi ndio mzigo: kila herufi imebeba biti 6, yaani sifuri au moja sita, na ile 1 ya mwanzo inatuambia kuwa ni taarifa ya mahali ya meli kubwa. Ukiufungua wote unapata meli yenye bendera ya Hong Kong, imefungwa gatini Seattle, mwendo sifuri. 5C ya mwisho ni uhakiki, ili mstari ulioharibika njiani utupwe.

Sasa kasi, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Vifaa vya zamani vya NMEA 0183, kama kipima kina na kipima upepo, huzungumza kwa biti 4,800 kwa sekunde. AIS huzungumza kwa 38,400, mara 8 zaidi. Sababu inaonekana ukipiga hesabu. Kila herufi inakula biti 10 kwenye waya, na sentensi yetu ya hapo juu, pamoja na alama mbili za kufunga mstari, ina herufi 49. Kwa kasi ya 4,800 zinapita sentensi kama 10 tu kwa sekunde. Huko hewani, dakika moja imegawanywa vipande 2,250 kwa kila masafa. Kwa masafa mawili ni vipande 75 kila sekunde, na kila kipande kinaweza kubeba tangazo la meli. Waya wa 38,400 unapitisha kama sentensi 78. Kwa hiyo hata bahari ikijaa pomoni kama mlango wa Singapore, waya bado unatosha.

Ndiyo maana skrini inayotegea kwa 4,800 haitasikia AIS polepole. Haitasikia kitu kabisa, au itapata takataka na kuzitupa kimyakimya. Nimewahi kumwona fundi akihamisha antena mara mbili, akapanda mlingoti juani, kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja kwenye menyu ya skrini, ulioandikwa 4800. Kwenye skrini nyingi mpangilio huo umefichwa chini ya mawasiliano au tundu la data (port). Wengine huuita moja kwa moja "AIS" au "kasi kubwa". Skrini za zamani sana hazina kabisa, na hazikufundishwa sentensi za AIS. Hapo hakuna waya utakaosaidia.

Kuhusu waya, kanuni ni moja: mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Waya za kutuma za kipokezi, A na B (au chanya na hasi), ziende kwenye waya za kupokea za skrini, A kwa A na B kwa B. Ukiunganisha mdomo na mdomo, hakuna anayesikia. Ukipindua A na B, mara nyingi hakuna kinachoungua, data tu haisomeki. Geuza ujaribu tena. Usiamini rangi. Hakuna rangi waliyokubaliana watengenezaji wote, kwa hiyo soma mchoro wa kifaa chako. Msemaji mmoja anaweza kusikilizwa na wengi, lakini wasemaji wawili hawaingii kwenye sikio moja, maneno yatagongana. Kama skrini ina tundu moja tu na tayari linasikiliza dira ya kielektroniki, utahitaji kisanduku cha kati cha kupanga foleni, kinachoitwa maltipleksa. Vipokezi vingine vinacho ndani: vinapokea zile sentensi za 4,800 na kuzipitisha pamoja na zao kwa 38,400.

Boti mpya mara nyingi hazina habari na mambo hayo. Zina NMEA 2000, mtandao wa uti wa mgongo mmoja wa kebo ambao kila kifaa kinaning'inia kwa tawi lake, na wote wanasema na kusikiliza kwa biti 250,000 kwa sekunde. Hakuna kuchagua kasi wala kutafuta A na B, ni kuchomeka. Masharti ni machache: tawi lisizidi mita 6, na kila ncha ya uti wa mgongo iwe na kizuizi cha ohmu 120. Zima umeme, pima kati ya waya mbili za data. Ukisoma karibu ohmu 60, vizuizi vyote viwili vipo. Ukisoma 120, kimoja hakipo. Kipokezi cha lugha ya zamani na skrini ya lugha mpya huhitaji mkalimani katikati, kibadilishi kinachouzwa kwa kazi hiyo.

Njia ya tatu ni Wi-Fi. Kipokezi kinarusha sentensi zilezile za 0183, na simu au tableti yenye programu ya ramani inazichukua, kwa kawaida kupitia mlango wa mtandao (port) namba 10110. Ni rahisi na nafuu, nami naipenda kwa majaribio. Kwa kutegemea usiku, na simu yenye betri ya asilimia 15 ikilowa chumvi, siipendi.

Antena isidharauliwe. VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo ndicho kinachoamua. Antena ya mita 9 kwenye mlingoti wako na ya mita 36 kwenye meli zinasikiana kwa takriban maili 20 za baharini. Ukitaka kutumia antena ileile ya redio ya sauti, nunua splita, yaani kigawanyi cha antena, iliyotengenezwa kwa AIS. Kiungio cha kawaida cha T kitaipeleka nguvu ya wati 25 ya redio yako moja kwa moja ndani ya kipokezi siku ya kwanza utakapobonyeza kuongea, na kipokezi hicho hutakitumia tena.

Jambo lingine husahaulika: kipokezi kinakuletea mahali pa wengine, si pako. Bila GPS yako kufika kwenye skrini, meli zinaweza kuonekana kwenye orodha huku hesabu ya mtapitana wapi ikikataa kutoka.

Kubwa kuliko yote, kipokezi kinakufanya uone, hakikufanyi uonekane. Nimekutana na wenye boti wanaoamini kwamba kwa kuwa wao wanaiona meli ya makontena, basi nahodha wa meli hiyo naye anawaona. Hawaoni. Kuonekana kunataka transponda, ambayo hurusha pia: ya meli kubwa kwa wati 12.5, ya boti ndogo kwa wati 2 au 5, pamoja na namba uliyosajiliwa nayo. Na kwa upande wa pili, skrini tupu si bahari tupu. Ngalawa, mashua na majahazi mengi ya mbao kati ya Bagamoyo na Unguja hayana AIS, na baadhi hayana hata taa. Hayo yanataka macho.

Ukimaliza kufunga, usijaribu mahali pasipo na meli, kisha ukalaumu waya. Kama una kompyuta, isikilize kwanza yenyewe: ukiona mistari inayoanza na !AIVDM, kipokezi na antena viko sawa na kasoro imebaki kati yake na skrini. Kisha ngojea boti ya abiria ya Unguja itoke bandarini. Itaanza kama pembetatu yenye namba tu, kwa sababu mahali hurushwa kila sekunde chache lakini jina na vipimo huja kila dakika 6. Jina likijitokeza, inua kichwa, ulisome na lililoandikwa ubavuni.