"Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" na uongo mwingine wa madukani Nairobi

Muhuri huo wa wino chini ya risiti za Luthuli Avenue wengi huuchukulia kuwa sheria. Si sheria. Sheria ya kulinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inasema kinyume: anayekuuzia anahesabiwa kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na maandishi yake yoyote yanayotaka kufuta haki hiyo ni batili. Chaja ikikataa kuchaji kesho yake, muhuri haumkingi. Ila kama umebadilisha nia tu, rangi haikupendezi, huna la kudai, mbembeleze. Na risiti itunze, la sivyo mtabaki "nilinunua hapa", "hukununua hapa".

"Kesi ni za wenye pesa." Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa chaja ya mia tano simwoni mtu akienda huko. Kwa friji, kwa nini asiende?

"Maduka yakiwa mengi, bei itashuka yenyewe." Hili ndilo linalotugharimu zaidi. Maduka kumi yaliyopangana yanaweza kuwa yananunua kwa mwagizaji mmoja. Na pale ambapo bei haijaandikwa, muuzaji hukuangalia viatu kwanza ndipo ataje. Ushindani hufanya kazi mnunuzi anapoweza kulinganisha, na kulinganisha ni kwa kilo au lita, si kwa pakiti.

Chukua duka la mtaani Kawangware. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160 na robo ni 45. Robo nne ni 180: anayenunua kidogo kidogo amelipa 20 zaidi kwa sukari ileile. Mafuta ya kupima nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. Wapo wanaosema huo ni ujinga wa kutojua hesabu, nami sikubaliani nao. Kibarua anayelipwa jioni anaijua hesabu hiyo vizuri sana. Hana tu 160 mkononi. Elimu haimsaidii kama haina pesa nyuma yake, ndiyo maana kina mama wengine huchangishana wakanunua kwa jumla na kugawana. Mwenye kigari cha supamaketi hana kisingizio hicho. Naye asiamini kwamba pakiti kubwa ndiyo nafuu siku zote: agawe bei kwa gramu, na aangalie kama gramu hazijapunguzwa kimyakimya bei ikabaki palepale.

"Ina alama ya KEBS, basi imepimwa." KEBS ni shirika la viwango la Kenya, lakini alama yake inaweza kuchapishwa na yeyote mwenye mashine. Chini yake huwa pana nambari ya kibali. Andika SM# kisha nambari hiyo, utume kwa SMS kwenda 20023. Jibu likitaja kampuni au bidhaa tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe kwenye rafu.